Hapa Siisikii Kahawa

Wapima ardhi ni watu wa ajabu. Siku nzima wanachungulia kwenye chombo chenye miguu mitatu, wanapigilia kigingi, wanaandika namba kwenye daftari, kesho yake wanahamia kilima cha pili kuanza upya. Chakula kikiungua hawasemi kitu. Kikiwa kibichi wanatafuna hivyo hivyo. Lakini kahawa ya alfajiri ikiharibika, ole wake mpishi, maana siku hiyo hakuna mstari utakaonyooka, na kila kosa litakuwa lake.

Mpishi wao kwa miaka thelathini na mmoja walimwita Birika. Jina lilimganda hata barua kutoka makao makuu zikawa zinakuja zimeandikwa "Ndugu Birika", naye anazijibu bila kinyongo. Kahawa aliikaanga mwenyewe kwenye bati, akaitwanga kwenye kinu kidogo, akaipima kwa konzi: konzi moja kwa kila watu watatu, na konzi ya ziada kwa ajili ya birika lenyewe, maana na lenyewe ni mtu. Akisha kuliteleka juu ya mafiga matatu, alichuchumaa, akafumba macho. Mgeni angedhani anasinzia. Wenzake walijua anasikiliza.

Kwa Birika, kahawa ina sauti tatu. Kwanza inanong'ona. Halafu inakoroma, sauti nzito inayotoka chini kabisa. Mwisho inacheka: kifuniko kinarukaruka na mapovu yanamwagika motoni. Yeye aliliepua birika koromo la tatu likisikika, kabla ya kicheko. "Kahawa ikicheka imekwisha kazi," alikuwa akisema. "Hiyo oshea viatu."

Halafu ilikuja sheria ya kambi. Juu ya kahawa iliyotoka motoni huelea masimbi, yale machicha meusi yanayoingia kwenye meno. Birika alichota maji baridi kwa kikombe, akayanyunyiza juu, akasema, "Tulia." Wanaume kumi na wawili waliosimama kwenye baridi na vikombe vyao vya bati wakaitikia pamoja, "Tulia!" Masimbi yakazama chini bila ubishi. Kabla neno hilo halijasemwa, hakuna aliyeruhusiwa kunyoosha kikombe, hata awe mkuu wa kambi.

Basi siku za mtu hazilingani. Mwaka jana Birika aliteleza akishuka kwenye lori, akavunjika nyonga. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mingi, na wanawe wa kiume wako mbali na mambo yao. Aliyekuja hospitalini, akalala kwenye kiti siku tisa, akambeba baba yake mpaka nyumbani kwake, ni kitindamimba, binti yake wa pekee. Tuseme ukweli: wangapi wanafanya hivyo siku hizi? Birika mwenyewe alilijua hilo, na kulijua kwake ndiko kulikomfunga mdomo.

Binti alikaa ghorofa ya nne, na chini ya jengo hilo hilo alikuwa na duka la kahawa lenye kuta za kioo. Juu kulikuwa safi mno. Jiko lilikuwa kioo cheusi kisichotoa moto. Unaweka sufuria, inachemka, huoni kilichoichemsha. Wiki ya pili, alipoanza kutembea na mkongojo, Birika aliwasha mkaa kidogo kwenye bakuli la chuma, bafuni, apike kahawa ya mtu mmoja. King'ora cha moshi kililia jengo zima. Watu wa ghorofa tisa walishuka ngazi wakiwa na taulo, paka na vyeti vyao vya shule. Binti alirudi mbio, akafungua madirisha, akakusanya viberiti vyote ndani ya nyumba.

"Baba, tulia," alisema. "Hapa si porini."

Mlango nao ulikuwa wa namba. Hauna ufunguo, kutoka unabonyeza, kuingia unabonyeza, ukikosea unalia na taa nyekundu inawaka. Siku ya kwanza binti alimwambia, "Namba ni mwaka niliozaliwa, Baba. Nimeiweka hiyo ili usiisahau." Birika akaitikia kwa kichwa. Alipobaki peke yake alijaribu mwaka mmoja, ukalia. Akajaribu unaofuata, ukalia. Siku binti huyo alipozaliwa yeye alikuwa nyuma ya milima, na habari zilimfikia pamoja na unga na betri, mtoto akiwa na meno mawili. Ilikuwa mwaka wa mafuriko au mwaka uliofuata? Aliona aibu kuuliza. Toka siku hiyo akawa mtu wa kusubiri kufunguliwa, na binti akadhani mzee hapendi kutoka.

Nyonga ilipopona, binti akaja na wazo. Alilileta kwa furaha, na ubaya wa mawazo yanayoletwa kwa furaha ni kwamba huwezi kuyakataa. Dukani pangetengenezwa kona, na baba angekaa hapo apike kahawa ya kambini mbele ya wateja. Birika alifurahi. Usiku ule alilipanguza birika lake kwa kitambaa na kuliweka karibu na kitanda.

Kona ilipokamilika, moto ulikuwa wa gesi, na kuni zilikuwa za udongo zilizopakwa rangi ya magome. Mbele palifungwa kamba ili watu wasisogee. Alinunuliwa shati jipya lililochanwa huko huko kiwandani. Wafanyakazi walilisugua birika likang'aa, masizi ya miaka thelathini na mmoja yakaenda na maji. Walipoona halifanani tena na birika la porini, wakalipaka rangi nyeusi. Kwenye vikombe vya karatasi palichorwa uso wake, na mchoraji, sijui alimwona wapi, akamwekea ndevu. Wateja walipoanza kuuliza ndevu ziko wapi, binti alimwomba baba yake azifuge. Akazifuga. Zilimwasha shingo nzima.

Upande wa pili wa duka palikuwa na mashine, na mwenye mashine, mwanamume mpole wa miaka arobaini aliyevaa aproni nyeupe. Birika alimwita Daktari, maana kila kitu kwake kilikuwa kipimo. Kahawa aliipima kwa mizani ndogo, gramu kumi na nane. Maji yalikuwa na kipimajoto chao. Akibonyeza kitufe saa inahesabu, na sekunde ya ishirini na nane kikombe kimejaa. Siku moja Birika aliionja. Alitaka iwe mbaya, kwa kweli aliomba iwe mbaya, lakini ilikuwa nzuri: nzito, safi, haina unga wala uchungu wa kuungua. Ilikuwa nzuri jana, ikawa nzuri leo, na kesho ingekuwa nzuri vile vile.

"Ikikukosea unajuaje?" alimwuliza Daktari.

"Haikosei, mzee. Ikikosea, taa inawaka."

Birika alicheka, ila moyoni kitu kilimchoma. Huku kwake mambo yalikuwa yanaharibika. Mashine ya kusaga ilinguruma, mvuke wa maziwa ulipiga filimbi, muziki ulitoka darini, na yeye amechuchumaa mbele ya kuni za udongo, macho amefumba, hasikii lolote. Minong'ono ilipita, makoromo yakapita, anashtukia kifuniko kinarukaruka. Kila siku kahawa ilimcheka.

Wiki ile ile ya kwanza alimfuata binti yake akamweleza bila kuficha. "Mwanangu, hapa siisikii kahawa."

Binti akamtazama. Macho yakamlenga machozi, akamshika baba yake bega. "Usijali, Baba. Wewe kaa tu. Mengine niachie mimi."

Birika akashukuru Mungu kwamba ameeleweka. Kesho yake ukutani nyuma yake palitobolewa kidirisha. Akaambiwa kwamba wateja wanalalamikia masimbi, hivyo akimaliza kupika apitishe birika hapo likachujwe. Akawa anapitisha. Vikombe vya bati vilitokea upande wa pili vinafuka moshi, wateja wanasifu, wengine wanampungia mkono wakiwa wamenyanyua simu. Alitegemea kelele zitapunguzwa pia, lakini hazikupungua, na yeye si mtu wa kuomba mara mbili.

Miezi minane ikapita hivyo. Asubuhi anafunguliwa mlango, anashushwa, anakaa ndani ya kamba, jioni anapandishwa. Mtoto mmoja wa miaka mitano hivi alimkodolea macho sana, kisha akamwuliza mama yake, "Mama, huyu babu wanamzima saa ngapi?" Duka zima likacheka. Birika naye akacheka, kisha akakaa siku mbili bila hamu ya kula.

Jumatatu moja aliingia mtu mrefu mwenye kofia ya jua na viatu vyenye vumbi. Alikuwa Mpima, mkuu wa kambi wa zamani, aliyekunywa mkono wa Birika miaka ishirini. Alipiga ukelele mlangoni, akaruka kamba, wakakumbatiana mpaka mkongojo ukaanguka.

"Mzee mwenzangu! Na hizo ndevu?"

"Za kazini," Birika alijibu. "Kaa. Kunywa kwanza."

Akapika, akapitisha birika kidirishani, kikombe kikaja. Mpima akanywa funda moja. Akanywa la pili, akakiweka kikombe chini taratibu.

"Hii umepika wewe?"

"Umeniona kwa macho yako."

"Nimekuona. Lakini Birika, huu si mkono wako."

"Wanaichuja kule nyuma."

"Kuchuja kunaondoa masimbi," Mpima alisema kwa upole. "Hakuondoi mtu."

Birika aliokota mkongojo, akapita chini ya kamba, akazunguka nyuma ya ukuta ambako hakuwahi kukanyaga. Birika lake lilikuwa limepinduliwa kwenye sinki, kahawa inateremka kwenye bomba. Daktari alikuwa anamimina kahawa ya mashine kwenye vikombe vya bati, na kwenye kila kimoja anadondosha tone kutoka kichupa chenye harufu ya moshi. Alipogeuka na kumwona, kichupa kilimtoka mkononi.

"Mzee, nisamehe," alisema. "Mimi nimeajiriwa tu."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

Birika alirudi akakaa.  Mpima hakumwuliza alichokiona. Alimwambia kwamba kuna kazi ya miezi minne, kupima mpaka wa msitu, na mpishi waliyenaye ni mtu mwema ila kahawa yake inafaa kuzibia nyufa. "Alhamisi saa tatu asubuhi nitapita na lori hapo mbele. Honi mara mbili. Ukitoka, umetoka. Usipotoka, sitakulaumu. Ila sitaweza kusubiri, barabarani pale hawaruhusu lori kusimama."

Jioni ile, juu nyumbani, Birika hakukaa. Alisimama katikati ya sebule na ndevu zake.

"Miezi minane unamwaga kahawa yangu."

Binti akaweka mkoba chini. Hakukana. "Baba, ilikuwa chungu. Watu walirudisha vikombe. Ningekuambiaje? Na wewe mwenyewe ulisema huisikii tena."

"Ndiyo, siisikii!"

"Basi! Nikajua ugonjwa umekuondolea pua na ulimi. Wengi wanapatwa. Nikasema nisimwaibishe mzee wangu, akae tu, apendwe."

Birika alimkodolea macho. Kisha akalishika sikio lake, akalivuta. "Kwa masikio! Siisikii kwa masikio! Ile mashine yenu inanguruma, kahawa yangu inakoroma nani aisikie?"

 Binti akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni, na baba mtu naye kicheko kikamshinda, wakacheka wote wawili, yeye anafuta machozi kwa kanga, huyu kwa ndevu. Miezi minane ya huruma, kumbe neno moja! Na hapo kwenye kicheko Birika akaona ndipo pa kulisema.

"Alhamisi naondoka na Mpima. Lori linapita saa tatu."

Binti akaacha kucheka. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini. "Sitakushika kwa ajili ya duka. Duka lina mashine. Lakini nikuambie kitu. Nilipokuwa mdogo nililijua lori lenu kwa mlio, kabla halijafika kona. Mama alikuwa hasikii kitu, mimi nasema Baba huyo. Linakushusha wiki mbili, halafu linakuchukua. Utoto wangu wote ni hilo lori. Sasa ndiyo kwanza nimekupata, unaniambia linakuja."

Birika alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Lakini sijakufunga," binti aliendelea, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Usiseme nimekufunga. Namba ya mlango unaijua tangu siku ya kwanza."

Mzee akatazama sakafu.

"Si unaijua, Baba?"

Hakujibu. Mtu anaweza kudanganya kwa mdomo, lakini kwa kimya ni vigumu. Binti akamtazama, akautazama mlango, akamtazama tena, na Birika akaona kabisa wakati jambo hilo linapomwingia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliinuka, akachukua kalamu mezani, akamshika baba yake mkono, akaiandika kiganjani, tarakimu nne, taratibu, jinsi anavyoandikiwa mtoto anayetumwa dukani. Kisha akaingia chumbani kwake.

Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya mafuriko. Birika alikaa akiutazama mpaka giza likaingia. Muda wote huo alikuwa anautamani mlango ule, na sasa ameshika njia ya kuufungua mkononi, hakuinuka kwenda kuujaribu.

Alhamisi aliamka mapema. Alifunga begi lake la zamani, akavaa shati lake mwenyewe, akaenda mlangoni, akabonyeza namba. Taa ya kijani. Akashuka peke yake kwa mara ya kwanza. Begi akalisukuma chini ya kigoda na kukaa mbele ya kuni za udongo. Alikuwa hajaamua. Kila akisema naenda, kiganja kinamwasha. Kila akisema nakaa, mguu unaligusa begi chini ya kigoda.

Binti alikuja baadaye kidogo. Aliliona begi, maana si kipofu, lakini akapita moja kwa moja kwa Daktari. Duka likajaa. Ilipokaribia saa tatu, Birika akateleka birika kwa mazoea tu, mikono ikajiendea yenyewe.

Ndipo muziki ukakatika. Mashine ya kusaga ikanyamaza. Daktari akafunga mvuke, akazima ile mashine kubwa, taa zake zikafa moja baada ya nyingine. Hata friji ya keki ilichomolewa. Binti alisimama katikati ya duka, mikono ameikunja kifuani.

"Naomba mniwie radhi," aliwaambia wateja. "Baba yangu anapika kahawa, na inabidi aisikie. Naomba tunyamaze wote, tafadhali."

Wakanyamaza. Simu zikashuka. Birika akafumba macho, na kwa mara ya kwanza toka avunjike nyonga akaisikia: minong'ono, ile ile ya milimani, inatambaa kwenye kuta za birika.  Hakuna mtu aliyewahi kumpa zawadi kubwa kuliko ile.

Na katika kimya hicho hicho akalisikia lori.

Lilikuwa bado mbali, halijafika kona. Alifumbua macho, akaona binti yake naye ameyafumba yake. Alikuwa amelisikia kabla yake.

Birika likakoroma mara ya kwanza. Lori likasimama mbele ya kioo, honi, honi. Hakuna aliyegeuka ila Daktari. Injini ikawa inanguruma pale nje, inasubiri, na Birika akahesabu hatua kutoka kigodani mpaka mlangoni. Kumi na moja. Mlango wa duka haukuwa na namba yoyote. Lakini kahawa ilikuwa motoni, watu thelathini wamezuia pumzi kwa ajili yake, na mwanawe amesimama amefumba macho, anasubiri kusikia kama baba anachukuliwa au anabaki. Hakujua ile ilikuwa zawadi au kufuli. Pengine hata aliyeitoa hakujua.

Ikakoroma mara ya pili. Nje dereva akatia gia. Birika akaijua ile gia, ya kwanza, ile inayokwama kidogo kabla haijaingia. Ikaingia. Lori likajivuta, likapanda gia ya pili, likapita kona, likawa mlio mdogo, kisha hata huo mlio ukaisha.

Ikakoroma mara ya tatu. Birika akaliepua, akachota maji baridi kwa kikombe, akayanyunyiza juu.

"Tulia," akasema.

Hakuna aliyeitikia, maana hawakuijua sheria. Akatazama ndani. Masimbi yalielea kidogo, yakazunguka, kisha yakaanza kuzama.